Vidonda vya tumbo: mama anavyo, kaka anavyo, sasa na mimi. Hii kitu ni ya kurithi au ni pilipili?

FundiZege:
Wakuu habari za humu, naombeni msaada maana kila mtu ananiambia lake mpaka kichwa kimejaa. Mimi ni fundi ujenzi niko Moro, umri 36, sigara navuta kidogo, pombe za wikiendi tu. Tangu mwezi wa pili tumbo linaniwaka hapa chini ya chembe ya moyo yaani kama mtu kaniwekea kaa, na linachagua usiku, saa nane saa tisa hivi naamka, nikila hata kiporo cha ugali kidogo linatulia narudi kulala, asubuhi nikichelewa kula linaanza tena. Nilienda zahanati wakanipa vile vidonge vya magnesiamu vya kutafuna, vinasaidia nusu saa basi.

Sasa kinachonitisha ni hiki, mama yangu ana vidonda vya tumbo tangu tuko wadogo, tulikua tunamuona anakunywa maziwa usiku. Kaka yangu naye anavyo, huyo kila akipima damu anakutwa na wale bakteria, dozi ya antibayotiki kashameza mara tatu na bado kipimo kinasoma pozitivu. Na saivi mimi. Wife anasema ni pilipili (kweli mimi bila pilipili kichaa chakula hakishuki), bosi wangu anasema mafundi wote tunapata kwasababu ya kula saa tisa mchana, mama mkwe anasema nina mawazo. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka sita mwingine mwaka na nusu. Nauliza tu, nini hasa kinamuweka mtu kwenye hatari ya kupata hivi vidonda, na je wanangu nao wameshaandikiwa?

KiporoChaJana:
Mkuu pole, acha pilipili, acha maharage, acha ndimu, acha soda, acha chai ya rangi, acha embe bichi, kula uji na ndizi za kuchemsha. Mimi shemeji yangu aliacha vyote hivyo.

FundiZege:
Na akapona?

KiporoChaJana:
Hapana ila alipungua sana hahaha

TabibuZamuUsiku:
FundiZege pole. Mimi ni tabibu kituo cha afya, nimekaa chumba cha wagonjwa wa nje miaka kumi na kitu, kwaiyo kabla hatujaihukumu pilipili nikuulize swali moja tu. Mgongo vipi? Maana sijawahi kukutana na fundi wa zege ambaye mgongo hauumi. Unameza nini cha mgongo, na tangu lini?

FundiZege:
Aisee umejuaje. Kweli mgongo unanisumbua, tulikua tunapandisha zege ghorofa ya tatu kwa ndoo. Namezaga diklofenaki, kuna duka la dawa karibu na saiti yule dada ananijua kabisa nikisimama tu ananikatia karatasi. Asubuhi moja jioni moja, siku ya slabu naweza meza tatu. Inaenda mwaka na nusu. Lakini mbona hiyo ni ya mgongo, halafu nilishasikia inakwangua tumbo, nikahamia sindano kama miezi miwili ili isipite tumboni, sindano zilivyoniuma nikarudi kwenye vidonge. Siku nyingine nachanganya na brufeni.

TabibuZamuUsiku:
Basi hapo umejijibu nusu ya swali lako. Ngoja niandike kirefu maana zamu leo imetulia.

Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa kabisa vinaletwa na vitu viwili. Kimoja ni bakteria anaitwa Helicobacter pylori, cha pili ni hizi dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, brufeni, aspirini, indosidi, meloksikamu, piroksikamu. Hivyo viwili ndo vinabeba mzigo, vingine vyote vinavyosemwa ni vya kusukuma tu gari ambalo tayari liko kwenye mteremko.

Dawa zenyewe zinafanyaje. Tumbo lako linatengeneza asidi kali ya kuweza kuyeyusha nyama, sasa swali ni kwanini haliyeyushi lenyewe. Ni kwasababu ukuta wake una ute mzito unaoulinda, na kuna kemikali ya mwili inaitwa prostaglandini ndo inaamuru ule ute utengenezwe na damu ipite vizuri pale ukutani. Hiyo hiyo prostaglandini ndo inayoleta maumivu na uvimbe mgongoni. Diklofenaki haijui kuchagua, inaizima mgongoni na inaizima tumboni, mgongo unapoa na tumbo linabaki uchi. Na ndo maana sindano haikusaidia kitu mkuu, dawa ikiingia damuni inafika tumboni tu, hata ya kuweka njia ya haja kubwa ni yale yale. Hili watu wengi sana hawalijui, nimeshaona mtu anakuja na vidonda anaomba achomwe diklo "ili isimuumize tumbo".

Halafu hatari inapanda kwa namna. Kumeza siku tatu nne ukiwa kijana una nguvu, wengi linapita salama. Kumeza kila siku miezi na miezi, kumeza dozi kubwa, kuchanganya mbili za kundi moja kama ulivyofanya wewe na brufeni (haziongezi nafuu, zinaongeza madhara tu), kuwa na umri zaidi ya 65, kuwa umeshawahi kupata kidonda huko nyuma, kumeza pamoja na predinisoloni au dawa za kuyeyusha damu, hapo ndo tunapokea watu wanatapika damu. Na ukikuta mtu ana bakteria NA anameza diklo, hivyo viwili vikikutana hatari inakua kubwa kuliko kila kimoja kikiwa peke yake, kwa mbali. Ndo ninachokihofia kwako.

Sasa mama na kaka. Unauliza ya kurithi, mimi nadhani mmerithi nyumba. Huyu bakteria karibu wote tunampata utotoni, mdomo kwa mdomo, matapishi, choo, maji yasiyo salama, nyumba yenye watu wengi chumba kimoja. Mama anamtafunia mtoto nyama kisha anamuwekea mdomoni, umeona hiyo? Ni njia moja. Kwaiyo familia nzima mnakua nae, sio damu, ni ukaribu. Ukweli damu nayo ina kasehemu kadogo, watu wa grupu O vidonda vya utumbo mdogo vinawapata kidogo zaidi kuliko wengine, hilo linajulikana tangu miaka ya 1950, lakini usije ukaanza kulala na wasiwasi kisa wewe ni O.

Na kuwa na huyo bakteria sio kuwa na kidonda. Makadirio ya muda mrefu yalikua karibu nusu ya watu wote duniani wanae, huku kwetu ni zaidi, na wanaokuja kupata kidonda maishani ni kama mmoja kati ya kumi hivi. Kwaiyo wanao hawajaandikiwa chochote. Nawa mikono, chemsha maji, msimtafunie huyo mdogo chakula, basi.

Kaka yako sasa, huyo nampa pole maalum. Kile kipimo cha damu cha kuchoma kidole kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupambana na bakteria, hakitafuti bakteria mwenyewe. Bakteria anaweza kuwa kafa na kuzikwa, askari bado wanazunguka damuni miezi, hata miaka. Anaweza akameza dozi mara kumi na kipimo kikasoma pozitivu. Kipimo cha kujua kama umepona ni cha choo, kile cha antijeni (kinatafuta vipande vya bakteria mwenyewe), au cha kupuliza pumzi kama hospitali yenu ipo nacho. Na kifanyike angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli (ile dawa ya kupunguza asidi) uwe umeiacha wiki mbili, la sivyo kinaweza kukudanganya kuwa huna.

FundiZege:
Duh. Kaka nimemtumia hii meseji yote, kajibu "yaani mara tatu!!!" akaweka na emoji ya kulia. Kwaiyo pilipili haina kosa?

TabibuZamuUsiku:
Pilipili haitengenezi kidonda. Ikipita juu ya kidonda kilichopo itakuwasha, kama ndimu kwenye mkono uliokatwa na bati, lakini sio ndimu iliyokukata. Kuchelewa kula vivyo hivyo, tumbo likiwa tupu hakuna chakula cha kupokea asidi kwaiyo kidonda kinapiga kelele, cha kwako hasa kwa hiyo tabia ya usiku na kutulia ukila kinafanana na cha utumbo mdogo, japo kwa dalili tu hakuna anaeweza kukuapia. Ila sigara hapo ndo sikuachii. Sigara inaongeza hatari ya kupata na inachelewesha kidonda kupona na inakirudisha. Pombe kali inachubua ukuta wa tumbo nayo. "Kidogo" ni ngapi kwa siku?

FundiZege:
Nane kumi 🙈

AsiliaTiba:
Ndugu zangu msihangaike na kemikali za hospitali, tuna unga wa mizizi na majani wa siku 21 unakausha vidonda vya tumbo kabisa, unatoa gesi, unasafisha na ini, nguvu za kiume zinarudi, mikoani tunatuma. Njoo inbox.

KiporoChaJana:
Dawa moja inakausha vidonda na inarudisha nguvu za kiume, hiyo mbona ingekua inapaka rangi na nyumba kabisa

MamaWawiliTegeta:
Jamani nisiwe muongo mimi niliwahi kununua hizo za unga, za mtu mwingine sio huyu. Wiki ya kwanza nikasikia raha sana tumbo limetulia nikawa nawasifia mpaka kanisani. Kumbe muda wote huo nilikua nimeanza kupata choo cheusi, nikajua ni rangi ya ile dawa. Nilikuja kuanguka bafuni nikiwa napiga mswaki, kupelekwa hospitali damu ilikua saba, wakaniongeza chupa mbili na wakanipitisha ule mpira wa kamera mdomoni wakakuta kidonda kinavuja polepole. Sijui ule unga ulikua na nini ndani, sisemi ndo ulionitoboa, mimi nilikua nameza aspirini za kichwa pia karibu kila siku na sikumwambia mtu kwasababu nilikua naona sio dawa, ni kitu cha kununua dukani pamoja na kiberiti. Ninachosema choo kikiwa cheusi kinanata kama lami na kina harufu ya ajabu usikae nyumbani unajipa moyo.

TabibuZamuUsiku:
Asante mama, umenipunguzia kuandika. Choo kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama, upungufu wa damu, au maumivu ya ghafla tumbo likawa gumu kama ubao, hizo sio za kusubiri kesho.

BaharizeniKisauni:
Salaam ndugu zanguni, nami nachangia kutoka Mombasa. Babangu mzee wa miaka 71 ana maradhi ya moyo, akipewa ile aspirini ndogo ya miligramu 75 kila siku. Magoti nayo yakimsumbua basi akaenda duka la dawa mwenyewe kimyakimya akawa anajinunulia diklofenaki. Hakutwambia. Alikuwa halalamiki tumbo hata siku moja, walahi, hata kiungulia hakuna, siku moja tu tukamkuta amekaa kwenye baraza jasho lamtoka na amekuwa mweupe midomo. Ilikuwa alsa imevuja damu. Daktari alitueleza kwamba wazee mara nyingi hawasikii uchungu, dawa hiyo hiyo ya maumivu yaficha uchungu wa kidonda inachokileta. Sasa tulipotoka hospitali ndugu yangu mmoja akataka kuitupa ile aspirini yote baharini, daktari akakataa, akasema ile ya moyo asiiache kwa shauri la nyumbani, akamuwekea na omeprazoli ya kulinda tumbo, na magoti akapewa paracetamol na mafuta ya kuchua. Alhamdulillah mpaka leo yuko. Kwa hivyo wenye wazee nyumbani fungueni zile droo za kitanda muangalie mna nini.

FundiZege:
Mkuu umenitisha, mama yangu ana magoti pia. Naenda kuangalia mkoba wake.

BishaHodi:
Mimi kidogo nibishe. Hizi habari za bakteria ni za juzi juzi, wazee wetu na madaktari wa zamani walisema ni mawazo na walikua wanatibu watu. Na mimi nikiwa na stresi za marejesho ya mkopo tumbo linauma kweli, sijameza diklo hata moja. Leo mnakuja kusema mawazo hayahusiki?

MwalimuWaBaiolojia:
BishaHodi hata maprofesa wa ulaya walikua upande wako, miaka mingi tu vitabu viliandika ni mawazo na asidi nyingi, wakiamini kwamba hakuna mdudu anaeweza kuishi kwenye ile asidi. Kule Perth Australia kulikua na mtaalam wa patholojia anaitwa Robin Warren, akawa anaona vijidudu vilivyojikunja kwenye vipande vya tumbo vya wagonjwa, akaungana na daktari kijana Barry Marshall, mwaka 1982 wakafanikiwa kuviotesha maabara. Watu wakawacheka. Kwenye wanyama haikukubali, basi Marshall mwaka 1984 akachukua mchuzi wenye bakteria wale akaunywa mwenyewe. Siku chache baadae akaanza kutapika na mdomo kunuka, kumpima tumbo limewaka uvimbe wote na bakteria wamo. Kumbuka hakupata kidonda, alipata ule uvimbe wa ukuta unaotangulia, ila ilitosha watu kuacha kucheka. 2005 wakapewa Nobel wote wawili. Mimi huwa nawasimulia form three hii habari wanapiga kelele "mwalimu alikunywa kweli??" Na tangu 1994 huyo bakteria yupo kwenye orodha ya shirika la afya duniani ya visababishi vya saratani, maana kuna wachache wanaoenda mpaka saratani ya tumbo.

TabibuZamuUsiku:
Na BishaHodi usijisikie vibaya, mawazo yanahusika ila sio kama mama mkwe anavyodhani. Mtu aliyeungua mwili, aliyeko ICU, huyo stresi ya mwili inaweza kumletea kidonda kabisa. Mawazo ya mkopo yanafanya tumbo liume, linajaa gesi, linawaka, na ukipiga kamera ukute ukuta msafi hauna hata mkwaruzo, hiyo ni shida nyingine yenye jina lake na matibabu yake. Wengi wanaosema "nina vidonda" hawajawahi kuonwa kidonda na mtu yeyote. Pia mtu mwenye mawazo anavuta zaidi, anakunywa zaidi, kichwa kinauma anameza aspirini. Kwaiyo inazunguka inarudi pale pale.

BishaHodi:
Ok hapo nimekuelewa. Na maziwa je?

TabibuZamuUsiku:
Yanapoza dakika chache halafu yanalichochea tumbo litoe asidi zaidi. Kunywa kama unayapenda, sio kama dawa. Baking soda nayo ya kukoroga kwenye maji inazima moto kwa muda, ila ni chumvi nyingi, mwenye presha aachane nayo.

FundiZege nenda hospitali ya wilaya kesho sio zahanati, waambie yote ya diklo usifiche, pima choo cha antijeni. Diklo na brufeni acha LEO.

FundiZege:
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, tulikua na slabu. Nilienda. Daktari mmama hivi mkali, nilipomtajia diklo mwaka na nusu akaweka kalamu chini akaniangalia tu. Choo kimesoma pozitivu. Damu ipo kumi na mbili kwaiyo akasema haijavuja sana, kamera sio lazima saivi kwa umri wangu ila nisipopata nafuu narudi wanipitishe. Kanipa siku 14, omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini, zote asubuhi na jioni, na akasema nikiruka ruka nitamfundisha bakteria kuizoea dawa halafu tutatafutana ubaya. Leo siku ya tano. Usiku nalala mpaka saa kumi na moja. Ila mdomo jamani, hiyo klaritho inaacha uchungu kama nimelala nimenyonya sarafu, hata chai naisikia chuma.

Mgongo nameza panado na nimenunua mkanda, dada wa duka la dawa alishanikatia karatasi kabla sijafungua mdomo nikamwambia rudisha akashangaa. Sigara nimefika nne.

Na mkoba wa mama nimekuta aspirini, predinisoloni ya pumu, na diklofenaki karatasi mbili na nusu. Anasema ile nusu alimpa jirani.

KiporoChaJana:
Jirani yupi tena, muwahini